Chuo cha Tudor kilikuwa cha nani? Safari ya MIOME hadi chuo kikuu

Swali: Assalaam aleikum, mwalimu. Naandika kutoka Kisauni. Kila tukipita Tudor, babu yangu hunionyesha Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa na kuniambia, "Hii ilikuwa shule yetu Waislamu, tukanyang'anywa." Wenzangu kazini wanasema hayo ni maneno ya barazani tu, chuo ni cha serikali tangu mwanzo. Ukweli ni upi? Kilianzaje, na imekuwaje hata kikafika kuwa chuo kikuu? Tena mdogo wangu amemaliza kidato cha nne, amepata C-, na anataka kusomea umeme. Je, hapo pana nafasi yake, au pamekuwa pa watu wa digrii peke yao?

Jibu: Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Kwanza mfikishie babu salamu zangu, umwambie kwamba nusu ya kwanza ya maneno yake ni kweli na ina ushahidi. Shule ile ilianzishwa mwaka 1948 kwa jina la Mombasa Institute of Muslim Education, nasi watu wa Mombasa tukaizoea kwa kifupi chake, MIOME. Jina lenyewe linajieleza. Hiyo nusu ya pili, ya kunyang'anywa, ndiyo inayohitaji kukaa kitako tukaichambua, kwa sababu ndani yake mna uchungu wa haki na mna jambo ambalo si hivyo.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Kisiwa cha Mvita katika miaka ya 1940 kilikuwa mji wa chini ya watu laki moja, wenye bandari kubwa ya Kilindini na reli iliyoanzia hapo kuelekea bara. Ukanda wa pwani wa maili 10 ulihesabiwa bado kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiuendesha kwa mkataba wa 1895, na bendera nyekundu ya Sultani ikipepea juu ya Fort Jesus. Kwa hiyo Sultani Khalifa bin Harub hakuwa mgeni Mombasa. Kwa sheria na kwa hisia za watu wengi, Mombasa ilikuwa kwake.

Elimu nayo ilikuwa imegawanywa mafungu. Watoto wa Kizungu walikuwa na shule zao, Wahindi zao, Waarabu zao, na Waafrika zao, na kila fungu lilipata pesa na walimu kwa kadiri ya daraja lake machoni mwa serikali ya kikoloni. Waswahili wa Mvita, Thenashara Taifa, yaani yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa mji huu, walikuwa katika mvutano usiokwisha: leo wahesabiwe pamoja na Waarabu, kesho waambiwe ni wenyeji kama wengine. Usidhani hilo lilikuwa suala la heshima tu. Lilikuwa linaamua mtoto akae dawati la shule gani. Serikali ilifungua shule ya Waarabu Mombasa mwaka 1912, lakini kwa muda mrefu haikuwa na ngazi za juu za kumfikisha kijana mbali.

Juu ya hayo kulikuwa na jambo la dini. Elimu ya kizungu pwani ilikuja kwa mikono ya misheni. Krapf alifika Mombasa 1844 na akafungua kituo Rabai. Frere Town ikaanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Watoto waliosoma huko walitoka wanajua kusoma na kuandika Kiingereza, na mara nyingi walitoka Wakristo. Mzazi Mwislamu wa Kibokoni au Makadara aliliona hilo kwa macho yake. Akampeleka mwanawe chuoni kwa maalim, akahifadhi Kurani, akajua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akajua hesabu za duka au za jahazi. Kisha kijana huyo alipokwenda kutafuta kazi ofisi ya bandari au ya reli, aliambiwa hana cheti. Watu wanaowalaumu wazee wetu kwamba "walikataa elimu" hawajajiuliza ilikuwa elimu ya namna gani, na ililetwa na nani kwa shabaha ipi. Wazee hao walikuwa na elimu yao, tena walikuwa na sababu ya kuogopa.

Hata hivyo walikuwapo wanazuoni walioona kwamba hofu peke yake haitawavusha. Mkubwa wao hapa Mombasa alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 1932 alianza kutoa gazeti la Al-Islah, akiandika kwa Kiswahili na Kiarabu, na humo aliwashtua Waislamu wenzake waache kulala. Wajenge shule zao, wasome elimu ya kisasa bila kuiacha dini, wasiwaache mabinti nyuma. Sheikh aliaga dunia mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya MIOME kuanzishwa. Hakuiona, lakini waliokwenda kuomba na kuchanga kwa ajili yake wengi walikuwa wamekulia katika fikra alizozipanda.

Sasa ilianzaje hasa? Mwaka 1945, Aga Khan wa tatu, Sultan Muhammad Shah, imamu wa Waismailia, alikuwa nyuma ya kuundwa kwa East African Muslim Welfare Society hapahapa Mombasa. Chama hicho kiliwaleta pamoja Waislamu wa Afrika Mashariki bila kujali madhehebu, kikajenga misikiti na shule. Aga Khan alikuwa na utaratibu wa kuongeza fedha zake juu ya kila walichochanga Waislamu wenyewe, na hilo liliwatia watu ari. Katika mkondo huo ndipo likazaliwa wazo la shule moja kubwa ya ufundi kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki yote. Waliolibeba ni Aga Khan mwenyewe, Sultani wa Zanzibar, jamaa wa Kibohora, na serikali ya Kiingereza kupitia Waziri wa Makoloni, wakati huo Arthur Creech Jones. Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, aliyekijua Kiswahili vizuri kwa kuwa alitumikia miaka mingi Tanganyika, naye aliliunga mkono.

Shika hapo, mwanangu, kwa sababu ndipo palipo na jibu la nusu ya swali lako. Waanzilishi walikuwa wengi. Imamu wa Waismailia, mfalme wa Kiibadhi, matajiri wa Kibohora, na serikali ya kikoloni, wote walikuwa na mkono. Wanafunzi waliokusudiwa wengi wao walikuwa Masunni wa Kishafii. Shule hiyo haikuwa mali ya ukoo wala ya msikiti mmoja. Tena serikali ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo wenzako kazini wanaosema "ni ya serikali tangu mwanzo" wameshika ukingo mmoja wa shuka, na babu ameshika mwingine.

Kwa nini ufundi, wala si shule ya sarufi na fasihi kama zile walizosoma wateule wa kikoloni? Wengine husema Waingereza walitaka kuwafanya Waislamu vibarua wenye ujuzi na basi. Sikubaliani kabisa na maelezo hayo, ingawa yana chembe ya ukweli. Serikali ilikuwa na haja ya mafundi. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wapatao 15,000, waligoma, wakausimamisha mji kwa karibu wiki mbili, na tangu hapo watawala walianza kuzungumza juu ya wafanyakazi wa kudumu wenye ujuzi na mshahara wa kutosha badala ya vibarua wa kutwa. Lakini ufundi haukuwa kitu kigeni kwa watu wa pwani. Huu ni mji wa maseremala waliochonga milango ambayo watu wanasafiri kuja kuitazama, wa waashi wa mawe na chokaa, wa wahunzi, wa waunda majahazi. Kumpa kijana wa hapa mashine ya kukerezea vyuma na michoro ya umeme ilikuwa ni kuendeleza kazi anayoijua nyumbani kwao. Kosa lilikuwa jingine: shule ya ufundi ilijengwa kabla ya kujengwa shule za sekondari za kutosha kuilisha. Nitarudi hapo, maana ndipo ulipo uchungu wenyewe.

Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Walikuwa wavulana, na shule ilikuwa ya bweni, ili kijana aweze kutoka Zanzibar, Tanganyika au Uganda akapata mahali pa kulala. Majengo yaliwekwa Tudor, upande wa kisiwa unaotazama mkono wa bahari, na wajenzi hawakuyafanya mabanda ya karakana yenye mabati tu. Ukienda leo, simama mbele ya jengo la zamani. Utaona matao yaliyopangwa safu, utaona kuba, utaona kwamba aliyepita hapo hakuhitaji kusoma kibao kujua shule hii ni ya akina nani. Msikiti ulikuwamo ndani ya uwanja, na ratiba ya masomo ilijua saa za Sala. Kwa mzazi aliyekuwa na hofu ya misheni, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko mtaala. Ndilo lililomfanya akubali.

Kuna kijana mmoja wa Mombasa ambaye maisha yake yanaonyesha shule hiyo ilivyokuwa, naye hakuwa hata mwanafunzi wake. Alikuwa mtoto wa yule Kadhi Mkuu, Ali Mazrui, aliyezaliwa 1933. Baba alifariki yeye akiwa na miaka 14. Alipofanya mtihani wa Cambridge School Certificate alipata daraja la tatu, na daraja la tatu halikumfungulia mlango wa Chuo cha Makerere, Uganda. Akaajiriwa MIOME kuwa karani. Fikiria hapo, mwanangu: kijana mwenye akili kama ile, amekaa nyuma ya meza anapanga mafaili ya wenzake wanaosoma. Kisha yakaja Maulidi. MIOME ilikuwa ikiyasherehekea, na siku hiyo gavana Mitchell alikuwa miongoni mwa waalikwa. Karani yule akasimama kutoa hotuba juu ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Gavana akamsikiliza, akataka kujua huyu ni nani, na mazungumzo yaliyofuata yakaishia katika ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza. Mwaka 1955 alikwenda Huddersfield, akaendelea Manchester, kisha Columbia kule New York, kisha Oxford, akarudi kuwa profesa wa Makerere ileile ambayo haikumpokea.

Hadithi hiyo husimuliwa Mombasa kama ya bahati ya mtu mmoja. Mimi naisoma kwa namna nyingine kidogo. Palikuwa na vijana wangapi wenye daraja la tatu ambao hawakupata Maulidi ya kuhutubia mbele ya gavana? Shule ile ilimpa mtoto wa kiswahili jukwaa mahali ambapo mji mzima haukuwa na jukwaa jingine la namna hiyo kwake. Huo ni msaada mkubwa, na ni aibu kubwa vilevile, kwamba mji wa bandari kuu ya Afrika Mashariki ulikuwa na mlango mmoja tu.

Tuje kwenye 1963 na 1966, ambako ndiko babu yako anakoelekeza kidole.

Oktoba 1963 Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walikubaliana kwamba ukanda wa pwani uingie moja kwa moja katika Kenya huru. Desemba bendera ya Sultani ilishushwa Mombasa, na mwezi uliofuata, Januari 1964, mapinduzi yakamwondoa Sultani huko Zanzibar pia. Aga Khan wa tatu alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1957. Waziri wa Makoloni hakuwa na mamlaka Kenya tena. Ukiwatazama waanzilishi wa MIOME mwishoni mwa 1964, karibu wote walikuwa wameondoka jukwaani, na hakuna aliyebaki mwenye nguvu ya kuisemea shule mbele ya serikali mpya.

Serikali mpya nayo ilikuwa na lake la kufanya. Tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde, iliyoanza kazi 1964, ilipendekeza shule zisigawanywe tena kwa rangi, na elimu itumike kuwaunganisha Wakenya. Sijui mtu mwenye busara anayeweza kulipinga hilo. Nchi isingeweza kuendelea na shule za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika kana kwamba hakuna kilichobadilika. Katika hali hiyo, mwaka 1966 MIOME ikageuzwa kuwa Mombasa Technical Institute, ikafungua milango kwa Mkenya yeyote mwenye sifa, awe Mwislamu, Mkristo au wa dini nyingine.

Je, huko ni kunyang'anywa? Neno hilo ni zito mno. Shule iliyojengwa kwa mchango wa wengi pamoja na serikali iligeuzwa kuwa ya umma, na watoto wa Kiislamu hawakufukuzwa. Waliendelea kusoma. Lakini sitamnyima babu haki yake, na hapa wanaomcheka wanakosea. Shule zilizoanzishwa na makanisa nazo ziliingia mikononi mwa serikali, ila Sheria ya Elimu ya 1968 iliyaachia makanisa nafasi ya kuwa wadhamini. Walibaki na sauti katika malezi ya dini na katika uongozi wa shule, na nyingi zilibaki na majina ya watakatifu wao hadi leo. MIOME ilikuwa taasisi ya ufundi, haikuwa shule ya parokia, na jamii ya Kiislamu haikuwa na jumuiya moja imara ya kukaa katika kiti hicho cha mdhamini. Basi jina likafutwa na kiti kikaondolewa pamoja nalo. Anayelikumbuka hilo kwa uchungu ana sababu.

Uchungu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, hauko katika jina. Kabla ya 1966 kijana wa Majengo au wa Lamu alishindana na vijana wachache wanaofanana naye. Baada ya 1966 alishindana na nchi nzima. Ushindani ni wa haki pale tu wote wanapoanzia mstari mmoja, na pwani haikuwa kwenye mstari huo. Shule za sekondari zilikuwa za kuhesabu: Shimo la Tewa, Khamis, Allidina Visram, zile za Aga Khan, na nyingine chache, kwa mkoa unaotoka Vanga hadi mpaka wa Somalia. Mkoa wa Kati na Nyanza walikuwa na mtandao mpana wa shule za misheni na za harambee, na vijana wao walikuja Tudor na vyeti vizuri. Walistahili nafasi walizopata, hawakumwibia mtu. Aliyestahili kuulizwa ni yule aliyefungua mlango wa juu bila kujenga ngazi za chini. Babu anasema tulinyang'anywa shule. Ningemwomba aseme tulinyimwa shule, zile za sekondari, na hilo hakuna atakayembishia.

Mambo yaliyofuata nitayapitia upesi. Mwaka 1972 taasisi ilipandishwa kuwa Mombasa Polytechnic, ya pili ya kitaifa baada ya Kenya Polytechnic ya Nairobi iliyoanza 1961. Hiyo ndiyo sura ambayo watu wengi wa rika langu wanaijua: "Poly". Miaka 35 ilikuwa Poly, na katika miaka hiyo ilitoa mafundi wa umeme, wa mitambo, wa ujenzi, wapimaji wa maabara na wahasibu waliotawanyika bandarini, relini, kwenye kiwanda cha saruji Bamburi, kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe na mahotelini. Wasichana waliingia, jambo ambalo mpango wa 1948 haukuwa umelifikiria. Ukiuliza katika nyumba kumi za kisiwani na za Likoni, hukosi aliyesoma Poly au aliyeoa, kuolewa au kufanya kazi na mtu wa Poly. Naamini huo ndio uliokuwa wakati wake bora. Ilijulikana inafanya nini, na waajiri walikuwa wakiijia wenyewe.

Agosti 2007 Poly ikafanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ndiyo JKUAT, na kuitwa Mombasa Polytechnic University College. Mwaka huohuo ile ya Nairobi nayo ikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Na hapa pana jambo ambalo hunifurahisha kila nikilitaja: Rais Kibaki alikuwa amemteua Profesa Ali Mazrui kuwa chansela wa JKUAT. Karani wa MIOME akawa chansela wa chuo kikuu kilichoilea shule aliyokuwa akipanga mafaili yake.

Mwanzoni mwa 2013 chuo kilipata hati yake na kuwa Technical University of Mombasa, tunachokiita Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, au TUM kwa kifupi. Profesa Josphat Mwatelah, aliyekiongoza katika kipindi hicho cha kupanda, akawa makamu chansela wa kwanza. Baadaye uongozi ulishikwa na Profesa Laila Abubakar, mtaalamu wa biokemia. Shule iliyoanza ikiwafikiria wavulana peke yao ikawa na mwanamke Mwislamu juu ya kiti chake kikuu. Sheikh Al-Amin angalikuwa hai, nadhani hilo lingempendeza kuliko kuba na matao yote. Chuo sasa kina kampasi Kwale na Lamu pia, na kwa Lamu hasa, palipojengwa bandari mpya, hilo lilikuwa la lazima.

Kwa hiyo shule moja imekuwa na majina matano, na kila jina liliondoa kundi fulani na kukaribisha jingine. Jina la 1966 liliondoa mpaka wa dini. Jina la 2007 na la 2013, kwa macho yangu, yalikuwa hatari zaidi kwa mtoto wa Kisauni, ingawa hakuna aliyelalamika barazani. Nchi nzima wakati huo ilikuwa mbioni kugeuza vyuo vya ufundi kuwa vyuo vikuu. Digrii ikapendwa, na anayejua kufunga mota au kuchomelea bomba akaonekana amefeli. Kenya ilipogundua imejipunguzia mafundi, ilianza kuunda politekniki upya. Mwaka 2016 vyuo kadhaa vilipandishwa hadhi, na hapa Mombasa ile Mombasa Technical Training Institute ikawa Kenya Coast National Polytechnic. Kwa bahati nzuri, basi, pengo lililoachwa na Poly lilipata wa kulijaza. Wangelihifadhi la kwanza, tusingelihitaji kuanza tena.

Hayo yananifikisha kwa mdogo wako.

C- haimpeleki kwenye digrii moja kwa moja, kwa kuwa huko kunahitajika C+. Lakini C- ndiyo alama ya kuingilia diploma, na TUM bado inafundisha diploma na vyeti vya ufundi pamoja na digrii, haikuviacha. Politekniki ya Kenya Coast nayo inafundisha umeme. Nafasi za vyuo vyote viwili huombwa kupitia KUCCPS, ile taasisi ya serikali inayogawa wanafunzi vyuoni, kwa mtandao. Aangalie kalenda yao sasa hivi, maana dirisha likifungwa ni kusubiri tena. Asitazame alama ya jumla peke yake, aangalie pia alama zake za hesabu na fizikia, kwa sababu kozi za umeme huwa na masharti yake ya masomo, na mtu mwenye C- ya jumla anaweza kukubaliwa au kukataliwa kwa alama ya hesabu tu.

Ningekuwa mimi ndiye baba yake, ningemwambia asidharau diploma akadhani ni njia ya walioshindwa. Aisome vizuri, apate nafasi ya mazoezi ya kazi bandarini au Kenya Power au kwa mkandarasi yeyote mwenye kazi nyingi, na akiwa na matokeo mazuri ataweza kuendelea na digrii ya uhandisi baadaye akiwa tayari anajua kushika vifaa. Kabla ya kuchagua, aende mwenyewe vyuo vyote viwili siku ya kazi. Asiishie ofisi ya usajili. Aombe kuonyeshwa karakana ya umeme, atazame mashine zinatumika au zimefunikwa vumbi, awaulize wanafunzi wa mwaka wa pili wanagusa vifaa mara ngapi kwa wiki na walipelekwa wapi kwa mazoezi ya kazi. Aulize pia mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, kwa kuwa wanafunzi wa diploma katika vyuo vya umma wanaruhusiwa kuomba, na wengi wa watoto wetu hawajui.

Na akienda Tudor, mwende naye babu. Huenda akamwonyesha pale msikitini na kwenye matao yale mambo ambayo mimi sikuyaandika hapa, na ningefurahi mkiyaandika mkaniletea.